Lushoto na watoto wadogo likizo ya mwezi wa sita: gesti nyota tatu, mengine nitaeleza

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka aondoke nazo. Gesti tuliyofikia tatu kati ya tano. Kijana aliyetutembeza tano. Shamba la Irente tano. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto sijui niipe ngapi, maana macho yanafurahi tumbo linalia. Jina la gesti silitaji, wale watu walitupokea vizuri na kuna vitu nitavisema hapa sio vizuri, na hata hivyo matatizo niliyoyakuta pale unaweza kuyakuta popote milimani, kwa hiyo jina halitakusaidia kama kujua cha kuuliza kabla hujatuma hela.

Msafara wetu ulikuwa hivi: mimi, baba watoto, mkubwa yuko darasa la kwanza, wa kati ana miaka mitatu na ana mbio, wa mwisho ndo anajifunza kusimama, na bibi yao mzaa baba ambaye alisema anakuja kunisaidia watoto ila nadhani alikuja kupumzika na kelele za Temeke kama sisi wote. Sasa ukitafuta mtandaoni habari za Lushoto utakutana na picha za vijana wamesimama juu ya mwamba wamenyoosha mikono, au wazungu na mabegi yao wanatembea kwa mguu mpaka kijiji cha Mtae. Safi sana. Ila hakuna anayekwambia mtoto wa miaka mitatu anaogea wapi, na kwa mwenye watoto hilo ndo swali lenyewe.

Kwanini Lushoto na sio kwingine. Morogoro ni karibu zaidi, nakubali, ila ukikaa mjini uko bondeni, na kupanda kule juu ya Uluguru na mtoto mgongoni sio likizo, ni mazoezi ya JKT. Marangu pazuri lakini safari inakuwa ndefu zaidi kwa mtoto wa pampasi. Lushoto unafika kwa siku moja kutoka Dar, lami mpaka mjini, na mji wenyewe uko kwenye milima ya Usambara, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hiyo namba ina maana yake kwa wenye watoto: baridi unaipata, hewa safi unaipata, lakini yale magonjwa ya kupanda juu sana, kichwa kuuma na kutapika kwa kukosa hewa, kwa kawaida yanaanza ukipita mita 2,500 hivi. Bibi aliuliza sana hilo swali manake kuna mtu kanisani alimwambia mlimani watoto wanakosa pumzi. Nikamwambia mama, hiyo ni Kilimanjaro kule juu, sisi tunaenda kwenye kabichi.

Barabara

Tuliondoka alfajiri kabisa, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka hapo hakuna cha kusimulia zaidi ya matrafiki na vibao vya 50, kila kijiji unapunguza mwendo kwa hiyo usipige hesabu za kilomita gawanya kwa 100, utajidanganya. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha unakata kulia, na hapo ndo mlima unaanza. Ni kilomita 33 tu mpaka Lushoto. Ila ni kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja, upande wa pili bonde, na ukikutana na fuso la mboga linashuka kwenye kona nyembamba mtu mzima unajikuta umevuta tumbo ndani bila kujua.

Kwa watoto shida sio woga, wao wanafurahia. Shida ni kichefuchefu. Wachanga wanaonyonya huwa hawasumbuliwi sana na gari, wanaopata tabu ni kuanzia kama miaka miwili kwenda juu mpaka wanakaribia kubalehe, na kwetu ilikuwa hivyo hivyo, kadogo kalilala, mkubwa alivumilia mpaka Soni, wa kati alianza kutapika hata kabla hatujafika kwenye yale maporomoko ya maji ya Soni. Kilichotuokoa ni kopo la plastiki la lita tano limekatwa juu na mfuniko wa kufunikia. Zamani ungesema chukua rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka Juni 2019 na bahasha ya kaki kwa kazi hii ni majuto, inalowa chini inafunguka. Beba kopo. Beba na limao la kunusa, sijui kisayansi likoje ila bibi aliwanusisha na walitulia, au walitulia kwa sababu bibi aliwaambia watulie.

Chakula cha njiani nacho. Pale Korogwe na Mombo kuna vishawishi vingi, chipsi, mishkaki, soda za baridi, na watoto washakaa kwenye gari masaa wanataka kila kitu. Wape kidogo na kikavu, mkate, ndizi, maji. Chipsi za mafuta mengi nusu saa kabla ya zile kona utaziona tena. Na dawa za kuzuia kutapika usichukue tu kidonge cha mtu mzima ukakivunja nusu ukampa mtoto wa miaka mitatu, ulizia famasi kwa umri na kilo zake kabla hujaondoka Dar. Masikio pia yanaziba wakati wa kupanda, anayenyonya mnyonyeshe, wakubwa wape maji wameze meze au pipi ya kumung'unya.

Kitu kimoja nasisitiza, hesabu zako zote ziishie kwamba unapanda ule mlima kukiwa na mwanga. Ukungu unashuka, taa za barabarani hakuna, na kipindi cha mvua kubwa, mwezi wa tatu mpaka wa tano, udongo na mawe huwa yanaporomoka barabarani. Mwezi wa sita na wa saba ni kikavu kwa kiasi kikubwa ingawa manyunyu yapo. Wanaokuja na basi kutoka Mbezi mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yapo, ushauri wangu lipa siti ya mtoto hata kama kondakta anakwambia utampakata, masaa yote yale na mtoto wa kilo kumi na tano mapajani utafika wewe ndo mgonjwa.

Gesti yenyewe

Tulibuki kwa WhatsApp. Nilitumiwa picha nane, saba kati ya hizo ni vyuu, yani mlima, ukungu, jua linazama, na moja ya kitanda kimetandikwa taulo la umbo la bata. Nikauliza maji ya moto yapo? Nikajibiwa "yapo masaa 24 dada karibu sana." Chumba cha familia 95,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, vitanda viwili vikubwa, watoto chini ya miaka mitano bure.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo. Pasafi. Shuka safi zinanukia jua, choo kisafi cha kukaa na kinavuta, mlinzi mzee mmoja mpole sana ambaye watoto walimgeuza babu siku ya kwanza tu. Utulivu wa ajabu. Asubuhi unaamka unasikia ndege na mtu anakata kuni mbali huko, basi. Mandhari kweli ni ile ya kwenye picha, hawakudanganya.

Sasa maji ya moto. Maji yapo masaa 24 ni kweli, na moto upo, ila ni wa sola. Mwezi wa sita Lushoto kuna siku jua linachungulia saa sita mchana linaondoka saa tisa, tanki la sola linapata uvuguvugu tu, na mgeni wa kwanza akioga uvuguvugu umeisha. Saa kumi na mbili jioni nina watoto watatu wana tope mpaka kwenye nywele na bomba linatoa maji ya barafu. Nikaenda jikoni kuuliza, dada wa pale hakubisha hata, akasema "pole mama, ngoja nikuchemshie," akaleta ndoo mbili za maji yamechemka kwenye kuni, na ikawa hivyo kila jioni. Huduma ya dada nyota tano. Ila gesti inayojua wageni wake wanaogea ndoo ilitakiwa iseme wazi, mbona ndoo ni sawa tu, sote tumekulia kwenye ndoo, ungeniambia ningekuja na beseni la kadogo.

Halafu usiku. Watu wa Dar hatuelewi baridi jamani. Tunadhani baridi ni kiyoyozi cha benki. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba kule nyuzi zinaweza kushuka mpaka kumi na kidogo, na nyumba zetu hazina hita, kwa hiyo baridi ya nje ndo hiyo hiyo ya ndani. Kila kitanda kilikuwa na blanketi moja, jepesi. Nikaomba mengine, yakaja, mazuri mazito. Mpaka hapo sawa.

Kilichoniondolea nyota nzima ni hiki. Saa mbili usiku tunagongewa mlango, kijana wa zamu kaleta jiko la mkaa limekolea vizuri, anataka kuliweka chumbani katikati, "kwa ajili ya watoto mama, wasisikie baridi." Kwa roho nzuri kabisa. Nikakataa. Baba watoto akaanza ooh ni kawaida huku, bibi naye akasema sisi tumelala na moto ndani miaka yote na tupo. Mama yangu, nyumba mliyolala nyie ilikuwa ya udongo na nyasi, moshi unatoka kila mahali. Hiki ni chumba cha tofali na madirisha ya vioo tumeyafunga kwa sababu ya baridi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haimkohoeshi mtu, unasinzia na huamki, na watoto wadogo inawawahi. Mkaa mwekundu usio na moshi ndo unaodanganya zaidi manake unadhani umeshakuwa salama. Hata dirisha wazi kidogo usilitegemee. Nilimwambia meneja asubuhi, akasema wageni huwa wanaomba wenyewe. Inawezekana, lakini mgeni akiomba ndo mwenye nyumba anatakiwa aseme hapana.

Tulichofanya badala yake: chupa za maji ya kawaida tukajaza maji ya moto ya dada wa jikoni (sio yanayochemka, chupa inajikunja), tukazifunga khanga, tukaziweka kwenye kitanda dakika kumi na tano kabla ya watoto kuingia halafu tukazitoa. Wakubwa wawili soksi, suruali ya sweta, na blanketi mbili. Kadogo hakufunikwa blanketi zito, watoto wa umri huo wanaweza kujifunika uso, nilimvalisha nguo tabaka tatu na lile ovaroli la mtumba. Nguo hizi zote tulizitafuta mtumba wa Ilala kabla ya kuondoka, makoti ya watoto ya baridi ya Ulaya pale yanauzwa bei ya chips mayai kwa sababu Dar nani anayataka. Ukisahau, Lushoto sokoni nako sweta zipo na wenyewe wanajua kuchagua nzito.

Jingine ni uwanja. Kwenye picha panaonekana pana nyasi, na kweli zipo, ila ni mteremko, na mwisho wa mteremko hakuna uzio, kuna shamba la mtu la maharage limeshuka chini kama ngazi. Mpira wa watoto ulishuka huko mara nyingi mpaka mwenye shamba akawa anaurusha juu bila kuulizwa, tukawa tunasalimiana. Wa kati nilimkimbiza siku zote nilizokaa. Lushoto nzima ni miteremko, hilo huwezi kumlaumu mtu, ila kuna gesti zimesawazisha kiwanja na kuweka michongoma pembeni na nyingine hazijafanya hivyo, na hiyo haionekani kwenye picha ya machweo. Sasa hivi nikibuki naomba video ya uwanja, mtu atembee na simu kutoka mlangoni mpaka mwisho wa kiwanja.

Hesabu ya mwisho nayo ilikuwa na vituko. Watoto bure, ila godoro la chini la bibi lilichajiwa na maji ya kuchemsha pia yaliandikwa kwenye bili. Maji! Nilicheka kwanza. Meneja alipoona sauti yangu imebadilika akayafuta, godoro tukalipa nusu. Malizaneni mambo haya kwa maandishi kabla.

Chakula

Jiko la pale halina chakula cha kukaa, ukiagiza ndo wanaanza. Kwa mtu mzima na bia yake sio shida, kwa mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kutembea mlimani saa moja na nusu ni msiba. Siku ya kwanza niliuliza:

"Dada, chakula cha watoto bado?"

"Kinakuja mama, kuku yuko jikoni."

Nikachungulia dirishani nikamwona kuku na ni kweli alikuwa jikoni, kasimama.

Toka hapo tukawa tunaagiza cha mchana wakati wa chai ya asubuhi, na cha usiku saa tisa, na mambo yakanyooka kabisa. Na nikwambie, achana na ile menyu ya chipsi kuku na nyama za kukaanga, waambie wakupikie wanachokula wenyewe. Makande ya kule yamewekwa maharage mabichi na karoti, viazi vitamu, mboga za majani zilizochumwa asubuhi ile ile, maziwa fresh ambayo yanaota utando mnene juu. Wa kati ambaye nyumbani kula ni vita alimaliza sahani ya makande akaomba tena. Bibi akanitazama kwa jicho lile la "nilikwambia mkiacha kumpa biskuti atakula," nikajifanya sioni.

Tahadhari kuhusu matunda, watu wanakuja Lushoto mwezi wa sita wanaulizia plamsi na pichi kama walivyoziona zinauzwa kwenye ndoo barabarani. Msimu wake ni mwishoni mwa mwaka kuingia mwanzoni mwa mwaka mwingine. Mwezi wa sita utapata parachichi, ndizi, karoti tamu za kutafuna kama sungura na mboga za kila aina, usiwaahidi watoto plamsi.

Irente

Hapa ndo pameniondolea hasira zote. Kutoka mjini ni kilomita chache tu, bajaji na boda zinafika, wenye afya wanatembea. Kuna vitu viwili, shamba na ile vyuu pointi, na kwa watoto wadogo mi nasema shamba kwanza na ikiwezekana shamba peke yake.

Shamba la Irente ni la kanisa la Kilutheri, KKKT, wanafuga ng'ombe na wanatengeneza jibini, jemu, mkate mweusi wa nafaka ya kizungu ile wanaita rai, mtindi, vitu hivyo. Unaagiza chakula cha pikiniki, mnakaa kwenye nyasi chini ya miti, mnakula mkate na jibini na mboga mbichi za pale pale. Watoto wanazunguka, hakuna mtu anayewafokea. Bibi alionja jibini, akatafuna polepole, akasema "haya maziwa yameharibika ila yameharibika vizuri," akaongeza kipande. Tulirudi na jemu na jibini za kuweka nyumbani, na kwa hali ya hewa ya njiani jibini beba kwenye kidude cha kuweka barafu au kula yote kabla hamjashuka Mombo, joto la kule chini halina mchezo.

Vyuu pointi. Ni mwamba uko ukingoni mwa milima, chini yako ukuta unashuka karibu mita elfu moja, unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kuu na magari madogo kama kunguni, na kule mbele nyika ya Wamasai imenyooka mpaka macho yachoke. Ni kitu cha kuona maishani. Ila pale tuliposimama sisi hakukuwa na kizuizi chochote, mwamba unaisha na hewa inaanza. Tulienda kwa zamu: baba watoto na mkubwa kwanza, kamshika mkono kwa juu kwenye kifundo sio vidole, mimi na wadogo tumebaki nyuma kabisa na bibi, halafu tukabadilishana. Wa kati hakufika mbele. Alilia, akanyamaza. Picha ya familia nzima ukingoni hatunayo na sijali.

Kutembea msituni na yule kijana

Huyu kaka tulielekezwa na watu wa mjini, ana kitambulisho cha kuongoza wageni na hilo ndo la kwanza kumuuliza yeyote atakayekufuata stendi kukwambia yeye ni mwongoza wageni. Kilichonifurahisha hakuleta programu yake ya wazungu. Alituangalia tulivyo, akamwangalia bibi na magoti yake, akasema "mama huyu na watoto hawa, tutaenda Magamba njia fupi, tukichoka tunarudi, hamnilipi kwa kilomita."

Msitu wa hifadhi wa Magamba uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipia getini kwa kontrol namba kama malipo mengine ya serikali, na wenyeji bei yetu ni tofauti na ya wageni wa nje kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, usije ukaanza kujitetea kwa kuimba wimbo wa taifa. Ndani ni kimya, miti mirefu, njia ya udongo yenye mizizi. Tuliona mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkiani, wanaruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine mkia unapepea nyuma. Mkubwa alikaa kimya dakika nzima, jambo ambalo mwalimu wake hataliamini.

Lakini walichokipenda kuliko mbega ni vinyonga. Kaka alikuwa anawaona pale ambapo sisi tunaona jani. Kule Usambara kuna wa aina zao ambao dume lina vipembe viwili puani, akamwonyesha mkubwa bila kumshika, akamwambia tunaangalia tu, ukimshika anaogopa. Akatuonyesha pia yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya manyoya, wazungu wanayaweka kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Asili yake ni milima hii hii, Mjerumani mmoja mtawala wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyeyapeleka kwao mwaka 1892 na yakapewa jina lake, Saintpaulia. Enzi hizo hata Lushoto yenyewe walikuwa wanaiita Wilhelmstal. Bibi akauliza kwa hiyo walichukua maua na wakatuachia nini, kaka akasema "zile kona za Mombo, mama."

Kwa njia hizi kigari cha mtoto cha matairi usihangaike kukibeba, hata mjini hakina pa kusukumia. Mbeleko. Kadogo alizunguka milima yote mgongoni kwa mama, bibi, na baba, ndio na baba, na wanaume wa kule hawakushangaa hata mmoja. Viatu vya watoto viwe na soli yenye meno, raba zile laini za Kariakoo zinateleza asubuhi kukiwa na umande.

Afya kwa kifupi: hospitali ya wilaya ipo Lushoto mjini kwa hiyo hauko porini, ila beba panadol ya maji, kipimajoto, ORS na chandarua kidogo cha kadogo. Mbu kwa baridi ile ni wachache, sio kwamba hawapo, na mkilala Mombo au Korogwe njiani huko wapo wa kutosha.

Nitarudi?

Lushoto ndio, mwakani Mungu akipenda. Gesti ile ile, inawezekana, wakirekebisha maji na wakaacha mambo ya jiko la mkaa, maana dada wa jikoni na babu mlinzi siwezi kuwapata kwingine. Ila kama watoto wako wote wako chini ya miaka miwili mi ningesubiri kidogo, ile barabara na ile baridi mtafaidi nyie wakubwa tu na mtalala nusu usingizi. Kuanzia miaka minne hivi ndo panalipa haswa.

Meseji ninayotuma sasa kwa gesti yoyote ya mlimani ni hii, kopi ubadilishe unavyotaka:

"Habari za kazi. Tunakuja watu wazima watatu na watoto watatu wadogo. Naomba kujua, maji ya moto ni ya umeme, sola au ya kuchemsha, na saa kumi na mbili jioni yanakuwepo? Blanketi nzito ngapi kwa kitanda? Chumbani msituwekee jiko la mkaa. Uwanja una uzio? Naomba video ya uwanja na ya bafu, sio picha. Chakula kinachukua muda gani toka kuagiza? Godoro la ziada shilingi ngapi, na kuna kitu chochote kitakachoongezwa kwenye bili? Nikipata majibu natuma nusu, nusu tukifika."

Wakijibu maswali yote tuma hela. Wakijibu "karibu sana dada" peke yake, uliza tena.